Ukingo Uliopigwa Pindo

Jana mchana Zaituni aliota akiwa ameketi kwenye stuli, kichwa kakilaza kwenye godoro la kaka yake. Alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu Hozza alazwe kwa malaria iliyompanda kichwani. Asubuhi hiyo daktari alimvuta kando akamwambia, "Mama, tusifichane. Kaka yako yuko ukingoni."

Zaituni ni fundi cherehani. Alitaka kuuliza ni ukingo wa nini, na una upana gani, lakini daktari alikuwa ameshageukia kitanda kingine. Akasinzia na swali lake.

Mara wodi ikawa shamba la mahindi. Hakushangaa. Anapita katikati ya mistari mpaka shamba linakwisha, na kila kitu kinakwisha pamoja nalo. Mbele hakuna bonde wala wingu. Hozza ameketi palepale mwisho, amejifunga shuka la hospitali, miguu inaning'inia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu, ila usisogee sana. Tumebanana."

Kweli wamebanana. Kulia kwake kuna nchi mbili zilizo ukingoni mwa vita, zimepeana mgongo. Kushoto kuna timu ya mpira iliyo ukingoni mwa kushuka daraja, na jezi zao zimelowa. Nyuma yao kuna mkutano uliofikia ukingoni, wajumbe bado wamekalia viti vyao, wanasubiri chai.

"Mnanielemea," sauti ikasema kutoka chini ya mapaja ya Hozza.

"Nani wewe?"

"Ukingo. Mtu akishindwa kusema neno lake waziwazi, ananitwika mimi. Leo daktari wenu kaniletea huyu. Mifupa mitupu, lakini mzito!"

"Basi nipe niondoke naye."

"Ningependa. Ila aliye ukingoni harudi nyuma hata hatua moja. Ndiyo sheria."

Zaituni akamgeukia kaka yake. "Wewe mwenyewe unatakaje?"

Hozza akachungulia chini. "Nimechoka, mdogo wangu. Na kule kunavuma kaupepo kazuri."

Wazazi walikwisha kufa, shangazi naye alizikwa mwaka jana. "Ukienda wewe," Zaituni alisema, "pale nyumbani nitamwamkia nani?"

Hozza akaipandisha miguu yake, mmoja baada ya mwingine. "Haya. Lakini umesikia sheria."

Zaituni akapiga magoti, akaupapasa Ukingo kwa vidole, kama anavyopapasa kitambaa cha mteja.

"Hujapigwa pindo," akasema. "Ndiyo maana unachanika na watu wanadondoka."

"Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Ukikunjwa, kilichokuwa ukingoni kinakuwa ndani. Hakuna atakayekuwa amerudi nyuma."

Ukingo ukafikiri. "Itauma?"

"Kidogo."

Akachomoa sindano kwenye kilemba. Anamlaza Hozza chali, anaunyanyua Ukingo kwa mikono miwili, mzito kama blanketi lililolowa, anaukunja juu yake mpaka shingoni. Anashona. Ukingo unaguna kila sindano inapopita. Timu ya mpira inapiga kelele, "Na sisi, mama!"

"Uzi umekwisha," anajibu, na ni kweli.

"Mama, amka."

Nesi alikuwa amesimama mbele yake, kipimajoto mkononi. "Homa imeshuka. Mwangalie."

Hozza alikuwa amefumbua macho, anamtazama dada yake. Zaituni akamshika mkono.

Nesi akafunua shuka upande wa miguuni, akakunja uso. "Huyu ametembea saa ngapi?"

"Hajashuka kitandani tangu aletwe."

"Sasa hiki ni nini?"

Kwenye visigino vyote viwili kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, na jani jembamba la nyasi limeganda juu yake.

Zaituni akalowesha kitambaa, akaanza kumfuta.

"Polepole," Hozza akanong'ona. "Miguu imekufa ganzi kwa kuning'inia."