Bandeji za Mikumi

Joha hakuwa mwoga. Mwanamke aliyezoea kambi ya katani, miiba yake na wanyapara wake, atamwogopa nani tena? Lakini siku alipoona shehena ikishushwa stesheni ya Kilosa, magunia ya unga mweupe usiolika na maboksi kwa maboksi ya bandeji, aliogopa. Mzigo ulikuwa wa Mzungu wa Mikumi, yule aliyekuwa akichimba mifupa ya mijusi ya kale. Na Kondo, mumewe, alikuwa amekwenda kumfanyia kazi.

Mijusi mikubwa kuliko tembo, ati! Kondo alipoaga, Joha alimcheka mpaka machozi yakamtoka. Sasa hakucheka. Bandeji zote zile za nini, na huko hakuna hospitali wala mgonjwa? Kambini jibu lilikuwa moja, nalo lilinong'onwa tu: mumiani. Wanakuita kwa mshahara mnono, wanakuning'iniza kichwa chini, wanakukamua damu, basi. Kondo aliahidi kurudi kwa Idi. Idi ikapita, Kondo hakuonekana.

Joha alilia kambi nzima ikasikia. Hezekia, aliyekuwa akikata katani pamoja na Kondo, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akachukua panga. Wenzake wakamfuata, na Joha akatangulia mbele yao wote.

Walilala njiani, wakafika Mikumi jua la utosi. Kambi ya Mzungu ilikuwa kimya. Chini ya turubai kulikuwa na kitu kimelazwa, kirefu kama mtu, kimeviringishwa bandeji mwanzo hadi mwisho. Joha aliangua kilio akimwita Kondo, akaanguka chini.

Hapo shimoni kukatoka kiumbe. Kilikuwa cheupe pe tangu nywele hadi magoti, mdomo umefungwa kitambaa, mikono mbele, kinawajia mbio. Jamani, hofu haina macho.

"Ndiye huyo," Joha alipiga kelele. "Ndiye aliyemuua mume wangu."

Hezekia hakungoja kuambiwa mara ya pili. Panga likashuka begani, kiumbe kikapiga magoti, kitambaa kikaanguka. Joha akaona ndevu anazozijua.

Kumbe ule unga ulikuwa wa plasta; hukorogwa na maji, ukapakwa kwenye bandeji, mifupa ikafungwa isivunjike safarini. Mzungu alikuwa amewazuia vibarua mpaka yote ifungwe kabla ya mvua. Kondo alikuwa akikoroga aliposikia sauti ya mkewe, akatoka mbio kwa furaha.

Damu ilichirizika juu ya weupe ule, haikukoma. Joha alivua khanga ya juu, akaikandamiza begani. Hezekia alikuwa ameshatupa panga, amejishika kichwa.

"Joha," Kondo alisema polepole, akiwatazama watu na mapanga yao, "mmekuja kufanya nini?"

"Tumekuja kukuokoa," Joha akamjibu, na khanga ilikuwa imeshalowa yote.