Ridhaa ya Bi Mkubwa

Karatasi za bwawa zilimtoa muuza vigae jasho miezi saba. Ramani ilirudishwa mara mbili, idara ya maji ikamtuma idara ya afya, na idara ya afya ikamrudisha ya maji, akawa kama mpira. Ilipobaki barua ya ridhaa ya jirani, alikuwa amechoka hoi, akapita njia ya mkato.

Jirani mwenyewe ni Bi Mkubwa, mjane wa nyumba ya ukuta mmoja na yake, ambaye macho yake hayasomi tena herufi ndogo.

"Mama, nachimba tangi," alimwambia. "Bomba likikauka, mtaa mzima tutachota."

Bi Mkubwa akatia saini palepale, na baraka juu.

Kwa nini alidanganya? Aliona haya, basi. Bwawa la kuogelea, katika mtaa ambao bomba hutoa upepo siku nne kwa wiki! Nani angeamini kwamba ni kwa ajili ya mgongo wa mkewe, aliyeagizwa na daktari afanye mazoezi majini? Wangesema amepata, sasa anaringa. Lakini tangu siku ile Bi Mkubwa alimsifu kila kona ya mtaa, na kila sifa ilimchoma muuza vigae. Alianza kutoka nyumbani mapema ili wasikutane.

Siku ya ukaguzi wa mwisho alikuja dada mmoja mwenye futi ya chuma na maneno machache. Akapima uzio, akafungua na kufunga lango mara tatu, akachungulia nyaya za pampu. Hakukuta kasoro.

"Sasa nimwone jirani aliyetia saini," alisema mkaguzi.

"Yule mama hana nafasi asubuhi," muuza vigae akajibu.

"Nafasi ninayo," ilisema sauti langoni. Bi Mkubwa alikuwa amefika, ndoo mbili mkononi.

Muuza vigae alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," mkaguzi aliuliza, "uliambiwa hapa panajengwa nini?"

Bi Mkubwa akasogea ukingoni. Herufi ndogo zilimshinda, lakini ngazi za kushukia majini aliziona vizuri. Akamwona na mke wa muuza vigae kitini, kiuno kimefungwa mkanda wa mgongo. Neno moja lake, na kibali kimeota mbawa. Muuza vigae alifungua mdomo aseme kweli mwenyewe, akaufunga tena. Aibu hiyo ilimuuma kuliko ule uongo wa kwanza.

"Bwawa la kuogelea," Bi Mkubwa alisema. "Aliniambia mwenyewe."

Mkaguzi akagonga muhuri, akaaga.

"Nisamehe, mama. Nilikudanganya."

"Ni mgongo wa mkeo?"

"Ndiyo."

"Nilimuuguza marehemu kitandani miaka sita. Ungeniambia mgongo, mimi ningekataa?"

Hakukaripia, na muuza vigae aliona heri angekaripiwa. Akanyoosha mkono kuzipokea ndoo.

"Nikujazie basi, mama. Ndani yapo maji ya akiba."

"Acha, mwanangu. Kwangu yanatoka tangu alfajiri. Nilizileta mkaguzi azione, ajue mtaa unalihitaji tangi lako."

Akaenda zake na ndoo tupu. Muuza vigae alibaki na kibali mkononi, hana pa kuuweka uso wake.