Riteina ya Kitindamimba

Mimi ni fundi wa maabara ya meno, na kazini wananiita Mama Plasta. Daktari anakaa mbele na wagonjwa. Mimi nakaa chumba cha nyuma na meno yao ya plasta, nakala za vinywa vyao, yamepangwa rafuni kila moja na namba yake. Hasira zangu ziko karibu, sikatai, lakini kazi yangu hairudi mezani. Hivyo ndivyo nilivyozoea kujisifu, nyumbani na kazini, bila kuulizwa.

Asubuhi moja nikimtafutia kitindamimba wangu soksi, nikaikuta riteina yake ndani ya droo, vipande viwili. Kwa asiyejua, riteina ni kile kibamba cha plastiki chenye waya ambacho mtu hukivaa kwenye kaakaa akishavuliwa vyuma vya meno, ili meno yasirudi yalikotoka. Vyuma alivivaa miaka miwili na kuvililia miaka miwili. Riteina niliitengeneza mimi mwenyewe.

"Nini hii?" nikamuuliza.

"Niliikalia, mama."

"Lini?"

"Jana."

Kwenye ufa kulikuwa na gundi iliyokwisha kuwa ya njano, na gundi ya jana haiwi hivyo. Nikapandwa na mori, nikamwaga maneno ambayo mama mwenye akili huyasemea moyoni: kwamba hajui thamani ya kitu, kwamba ameikalia miaka miwili ya maumivu yake kama mto wa kochi. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari, akaenda shule.

Hofu yangu ilikuwa moja. Jino lake la mbele, la kushoto, liliota upande upande, na ndilo lililomfanya miaka yote acheke kwa kuziba mdomo. Jino kama hilo halisahau kwao. Ukiliacha wiki chache linaanza safari ya kurudi, na likishafika, ni vyuma upya.

Nikaona dawa ni kutengeneza nyingine siku hiyohiyo. Meno yake ya plasta ninayo. Ya wagonjwa wengine tunayatupa mwaka ukiisha, yake nimeyaficha nyuma ya makopo. Nikakunja waya, nikamwaga plastiki, nikasugua mpaka ikang'aa. Alipopita kazini baada ya masomo, nikamkalisha kwenye kiti cha daktari nikamvalisha. Ikagoma. Nikasukuma, akakunja uso. Nikaitoa, nikalegeza waya, nikairudisha. Ikagoma vilevile.

"Waya wa siku hizi hovyo kabisa," nikasema.

Daktari, kijana mpole wa rika la mwanangu wa kwanza, akachungulia juu ya bega langu. "Mama Plasta, hiyo plasta ni ya mwaka jana. Angekuwa mgonjwa mwingine ungeniambia wewe mwenyewe nichukue alama mpya za meno."

"Mganga hajigangi," nikakubali, shingo upande.

Akamng'atisha rojo zito kuchukua alama mpya, nami nikamimina plasta humo. Plasta ilipokauka nikaiweka kando ya ile ya zamani. Jino la kushoto lilikuwa limegeuka, unene wa ukucha hivi. Roho iliniuma.

"Imevunjika tangu lini?" daktari akamuuliza taratibu.

"Wiki sita," akasema kitindamimba, macho sakafuni.

Nilivitoa mfukoni vile vipande viwili nilivyokuja navyo kutoka nyumbani, nikavipeleka chini ya taa yangu, nipate ushahidi wa kumkaripia vizuri. Riteina iliyokaliwa hupinda waya. Huu ulikuwa umenyooka kama nilivyouacha. Lakini katikati ya ufa, ndani kabisa, kulikuwa na kitundu cha hewa, kama kichwa cha pini. Kitundu cha hewa hakiletwi na makalio ya mtu. Kinaletwa na fundi aliyekoroga plastiki kwa papara. Na siku yenyewe niliikumbuka: nilikuwa na kazi nne mezani, yake nikaipenyeza katikati.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikarudi kule mbele.

"Hukuikalia," nikamwambia.

"Sikuikalia. Ilipasuka nikiwa naiosha."

"Na kitundu ulikiona?"

"Nilikiona siku ileile." Akanitazama. "Nikisema nimeikalia, utanigombeza mimi na yataisha. Nikisema kitundu, utajigombeza mwenyewe, na yako hayaishi."

Daktari akakumbuka ghafla kitu cha kutafuta kabatini.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema, mbele ya mtu, jambo ambalo sijalizoea. "Kosa ni langu tangu mwanzo."

Daktari akasema jino halijafika mbali. Tutengeneze riteina yenye waya mdogo wa kulisukuma, aivae mchana na usiku, na miezi mitatu itatosha. Kesho yake niliitengeneza polepole, yeye amekaa kwenye stuli pembeni yangu anaangalia. Nikampa aivae. Iliingia bila kusukumwa. Akafumba mdomo, akazungusha ulimi.

Mwaka mzima kila nilipomuuliza kuhusu riteina alinijibu, "Iko sawa, mama." Nikasubiri anijibu hivyo.

"Hapa nyuma inakwaruza," akasema. "Na huu waya umebana mno."

Nikakinga kiganja, akaniwekea ikiwa bado na mate. Nikachukua msasa.

"Wapi tena?" nikamuuliza, na akasogeza stuli karibu ili anionyeshe.