Shaba ya Mfereji

Kwa maneno ya Mama Ayuma, wa nyumba ya pili kutoka langoni, mwizi wa mfereji alionekana mchana kweupe, Jumapili, siku ambayo maji hayaji. Alikuwa ni Wekulo, yule mzee mpangaji mwenzao anayezunguka mtaa wa Umoja na mkokoteni akinunua vyuma kuukuu. Alikuja na spana, akaung'oa mfereji wa shaba ambao wapangaji wa ploti nzima huchotea maji, akautia guniani akaenda zake akipiga mluzi. Mama Ayuma alimsimulia msimamizi, akasimulia dukani, akasimulia kwa kinyozi, na kila aliposimulia spana ilizidi kurefuka.

Awuor, jirani yake, alimsikiliza, mtungi mtupu mkononi. Jumapili hiyo Mama Ayuma alikuwa mbele yake kanisani, akilia kwenye maombi mpaka kilemba kikamdondoka. Labda macho aliyaacha nyumbani yalinde ploti.

Lakini hadithi ilikwisha kupata miguu. Gitonga, msimamizi, aliziba bomba kwa kijiti na kitambaa, kina mama wakaanza kuchota maji ploti ya jirani, na Wekulo akaambiwa ahame, Jumamosi jua likitua asionekane hapo. Mzee aliuliza yeye mwenyewe angeoga wapi kama angeiba mfereji. Chuma kikipotea, mtu wa vyuma hahitaji shahidi.

Awuor alikuwa akikaa na kaka yake, Okinyi, tarishi wa ofisi fulani mjini, ambaye mwaka huo aliamua kuwa kauboi, mtu wa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alimjulia kwenye sahani. Alinunua kofia pana, akanunua buti zenye ncha, kisha akashuka Eastleigh akarudi na gitaa la umeme la bei ya chee, jekundu kama peremende. Kulikuwa na mwenye nyama choma karibu na Soko la Burma aliyemwahidi jukwaa Jumamosi, usiku wa muziki wa kantri.

Tabu ni kwamba gitaa lilitoa sauti ya bati linalokwanguliwa na kijiko. Kantri inataka uzi ulie puani, kwa ukali, halafu uruke. Okinyi alibadilisha nyuzi. Akabadilisha sumaku iliyo chini ya nyuzi. Bado bati. Ndipo mtu akamweleza kwamba vile viti vitatu vidogo mkiani mwa gitaa, ambavyo nyuzi huketi juu yake, vyake vilikuwa vya bati laini. Gitaa la kantri huketisha nyuzi zake juu ya shaba.

Ijumaa jioni, viti vya shaba vikiwa vimeshafungwa, alimpigia Awuor gitaa. Na kusema haki, lililia. Nyuzi zilikata hewa ya chumba kile mpaka sufuria zikaitikia. Okinyi akafumba macho, akatikisa kofia, akasubiri sifa.

Awuor alikuwa akitazama mkia wa gitaa. Fundi aliyevichonga viti alikuwa mvivu wa tupa: kwenye mkunjo wa kiti cha tatu palibaki rangi ya kijani. Mtoto yeyote wa ploti ile angeijua. Ni rangi ya lango, ambayo Gitonga aliupaka mfereji ili mwizi akiubeba ujulikane.

"Shaba umeipata wapi?"

"Kwa fundi."

"Na fundi?"

Okinyi akacheka. "We Awuor, unauliza kama karao wa kituoni. Mfereji tu huo. Mwenye ploti ataleta mwingine."

"Na Wekulo anafukuzwa kesho."

"Watu kama hao hawakosi pa kulala."

"Ana gunia zima la shaba mlangoni pake. Ungemwomba, angekupa."

"Mimi?" Okinyi aliuliza, na hapo tu ndipo alipoonekana kuudhika. "Nimwombe chokora wa vyuma?"

Awuor akamtazama kuanzia kofia hadi buti. Mtu mzima, aliyeona heri aibe kuliko kusema tafadhali kwa mzee mwenye mkokoteni. Akainuka, akaenda kusonga ugali.

Jumamosi kabla ya jua kutua, Gitonga alikuwa ameshakitoa nje kitanda cha Wekulo, na mizani yake, na jiko. Mama Ayuma alikwisha kuweka kigoda mahali pa kuona vizuri. Okinyi alikuwa bafuni akijisugua kwa ajili ya Burma, kwa maji ambayo Awuor aliyabeba kutoka ploti ya jirani.

Awuor aliingia ndani, akalitoa gitaa, akavuka ua nalo. Akalilaza kwenye saruji kavu chini ya lile bomba, mkia ukimwelekea Gitonga. Gitonga akainama, akakwangua ile rangi kwa ukucha, akatazama lango, akarudi kutazama gitaa. Mama Ayuma akaanza kusema kwamba hata yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka.

Okinyi akatokea na taulo kiunoni, sabuni masikioni, kofia kichwani.

"Awuor, dadangu, lirudishe ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Waambie niliokota. Nicheze leo tu. Leo tu, tafadhali."

Awuor alikuwa ameshainama, ameshika upande wa miguuni wa kitanda cha Wekulo. Mzee akashika upande wa pili, wakakiinua, wakaanza kukirudisha ndani.