Baba Alipoita Moto Nyutro

Kiharusi kilipompitia Fundi Testa, mkono ulipona, mguu ukapona. Ulimi ndio uliobaki na chenga zake. Akitaka chumvi huomba sukari; akimwita mkewe humwita dada. Nyumbani walicheka, naye akacheka nao. Wangefanyaje?

Bintiye, ambaye ufundi umeme alifundishwa na baba huyohuyo, akarudi naye kazini. Waliitwa kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Bodi ya umeme ilikuwa kuukuu, na nyaya zote nyeusi, zimegandwa na unga na masizi. Kabla ya kubadilisha chochote ilibidi wajue upi wa moto, unaopiga shoti, na upi nyutro, usiodhuru, wazifunge utepe wa alama. Umeme uliachwa uwake, kwani testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia, haisemi kitu pasipo umeme.

Baba alikuwa akipima. Binti alipiga magoti chini, akikata utepe.

“Huu nyutro,” baba akasema, kwa sauti ileile ya miaka yote. “Shika, ufunge.”

Mkono wa binti ulishaanza kwenda. Kilichouzuia ni fundisho la baba mwenyewe: usishike mpaka upime, hata akikuambia mama aliyekuzaa. Akaomba testa, akagusisha. Kitaa kikawaka.

“Baba, huu una moto.”

“Si ndivyo nilivyosema? Moto. Kaa mbali nao.”

“Umesema nyutro.”

“Nimesema moto, mama.”

Akamgeukia mwenye kiwanda, aliyesimama mlangoni akiwasikia. Yule bwana akainamisha macho, akajifanya anapangusa meza. Baba akaelewa.

Akaketi juu ya gunia la unga.

“Ningekuua,” akasema. Neno hilo lilitoka sawasawa.

“Hujaniua, baba. Niko hapa.”

Binti akamaliza kazi peke yake, akipima kila waya mara mbili, machozi yakimzuia kuona kitaa. Alipokosea kufunga utepe, akafungua, akaanza upya. Baba aliukabili ukuta mpaka mwisho.

Asubuhi iliyofuata binti alimkuta baba ameketi kitandani, ovaroli mwilini.

“Nenda, mama. Mimi nipumzike kidogo.”

Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Binti akasimama mlangoni na mkoba wa vifaa begani, asijue amsaidie au amwache.