Macho ya Panya wa Naliaka

Mwaka 2006 Emmah Naliaka alikuwa akisomea udaktari wa falsafa katika maabara moja upande wa Kitisuru, akijaribu mizizi ya mti kama dawa ya malaria inayopanda kichwani. Panya waliopewa dawa walipona. Lakini alipowatia kwenye beseni la maji kupima kama ubongo wao umepona, hawakukiona kibao cheupe cha kupandia. Walizunguka wakigonga ukuta hadi wakachoka.

"Dawa yako inapofusha," alisema Profesa Wahome, msimamizi wake. "Punguza."

Akapunguza. Bado waligonga ukuta. Akapunguza tena, malaria ikaanza kuwaua. Mwaka ukaisha akizika panya.

Asubuhi moja, kwa hasira tu, alimkamata panya mzima, asiyewahi kuugua wala kuonja dawa, akamtia majini. Panya akagonga ukuta. Wa pili vilevile. Naliaka akaketi sakafuni.

Aliwaandikia waliouza panya hao, ng'ambo. Jibu lilikuja na upole mwingi: ukoo huo umezalishwa ndugu kwa ndugu miaka mingi, na wote hurithi ugonjwa wa macho. Kabla hawajakomaa, hawaoni. Walidhani anajua.

Alimpelekea Wahome jibu hilo. Profesa akalisoma, akavua miwani.

"Sasa, Emmah, kwani hukuuliza?"

"Prof, ni wewe uliwaagiza. Mimi nilikuja nikawapata hapa."

"Tusilaumiane. Andika tu kwamba dozi ndogo haikufaa."

"Haikufaa kwa sababu ulinipunguzisha ile iliyofaa! Siandiki hiyo."

Jioni, nyumbani mtaa wa Satellite, mumewe Bramwel alimuuliza kama wataenda Bungoma Desemba kama walivyopanga.

"Naanza upya," alisema. "Kila kitu."

Bramwel alitaka kumpa pole, akaona uso wake, akamwekea chai.

Panya wengine, wa ukoo wa karibu lakini wenye macho mazima, walichelewa kufika kwa miezi mingi. Naliaka aliwajaribu kwanza kwenye beseni, kisha akawaambukiza malaria na kuwapa dozi yake ya mwanzo. Wengi walipona, wakaogelea moja kwa moja hadi kwenye kibao.

Wahome alimpongeza mbele ya wenzake, akasema sayansi inahitaji subira. Naliaka alichukua koti lake akatoka, akatembea hadi hasira ilipopungua, na hapo alikuwa ameshakipita mbali kituo chake cha basi.