Wakataji Wawili wa Mtaa wa Tele

Kitendawili: wawili wana jina moja, hukata uzi mmoja, lakini ukiwabadilishia mahali nyumba huungua. Kimewashinda? Basi nipeni mji, nami nitawapa nchi nzima ya Nuruani.

Nuruani ilinyweshwa na mto wa moto. Mto huo, Mkondo, ulishuka kutoka mlima wa Chanzo, ukagawanyika katika mifereji ya shaba hadi kila nyumba, ukawasha taa, ukachemsha chai, ukasaga nafaka, wala haukudai shukrani. Kwenye mifereji palikuwa na malango, na kila aliyewekwa langoni kuuzuia moto aliitwa Mkataji. Lugha ya Nuruani, pamoja na fahari zake zote, haikuwa na neno la pili.

Mtaa wa Tele ulikuwa na Wakataji wawili wa tumbo moja. Tumwa, kifungua mimba, alisimama lango la chini, na mchana kutwa aliitwa: “Tumwa, washa! Tumwa, zima!” Hadhari, mdogo wake, alikalia kiti cha lango la juu. Kiti kile kilikuwa cha mama yao, marehemu Bi Kafara, ambaye siku moja Mkondo ulipofura aliukata kwa mwili wake, akayeyuka kama nta. Alikata mara moja tu, na huo ukawa mwisho wake. Hadhari alikirithi kwa kuwa alizaliwa na mkono wa ajabu: ukikata Mkondo huanguka bila yeye kufa, ukiinuliwa husimama tena.

Tumwa hakuliona hilo. Aliliona takia la hariri chini ya mdogo wake, na roho ikamchoma.

“Umeshindaje, mdogo wangu? Pole kwa kazi ya kukaa.”

“Nakaa macho, dada.”

“Hata mjusi ukutani hukaa macho, wala hatandikiwi takia!”

Husuda ikamnyima usingizi, hata akaenda kwa Sultani Juujuu. “Seyidi yangu,” alisema kwa taadhima, “mimi Mkataji, naye Mkataji. Mimi nakata kutwa. Yeye mwaka umepita hajakata. Kiti cha mama ni haki ya nani?”

Sultani akapima neno, asipime kazi. “Jina ni moja, basi kazi ni moja. Badilishaneni.”

Hadhari alimpisha dada yake kwa huzuni. “Dada, kwenye kiti hicho hakuna wa kukuita.”

“Ndiyo raha yake,” akajibu Tumwa, akajinyoosha juu ya takia.

Hadhari akashuka kuitwaitwa, na mkono wake wa ajabu, usioumbwa kwa rabsha za kila saa, ukaanza kulegea. Kisha ikaja arusi ya binti wa Bwana Pupa. Bwana huyo alitundika kwenye mfereji mmoja majiko, vinu, mapangaboi na taa za rangi, na kila alipoonywa alijibu, “Ongeza!” Mchana ule Mkondo ukafura, shaba ikawa nyekundu. Tumwa aliona. Alisikia harufu. Akatega sikio, akingoja aitwe, na watu wote walikuwa wakicheza ngoma.

Pazia lilipowaka ndipo sauti ikaja: “Tumwa, zima!” Akalishika komeo polepole, kama alivyozoea, moto ukaruka baina ya chuma na chuma, kiganja kikagandia komeo. Hadhari akapanda mbio, akaukata Mkondo kwa nguvu iliyobaki. Watu walisalimika, nusu ya nyumba ikawa majivu.

Barazani Pupa alitaka Tumwa afukuzwe nchini.

“Kwa nini hukukata?” akauliza Sultani.

“Sikuambiwa, Seyidi.”

Baraza likaangua kicheko.

“Msicheke!” akasema Hadhari. “Ninyi ndio mliomzoeza kungoja sauti. Yeye ni wa kutii haja zenu. Mimi ni wa kuukataa ulafi wenu, hata nisipoambiwa. Mkono wake haukuumbwa kupambana na gharika, wala wangu kuchezewa kutwa.” Kisha akamgeukia dada yake, sauti ikashuka. “Nami nilikuwa nakuonea wivu.”

“Wewe? Kwa lipi?”

“Wewe huitwa watu wanapotaka mwanga. Mimi hukumbukwa giza likiingia, tena kwa matusi.”

Tumwa akatangulia hadi lango la juu. Akakichukua kiti kwa mkono wake mzima, akamwekea mdogo wake. Naye Sultani, kwa haya, akalifuta lile jina moja na kuweka mawili: Mwitikaji na Mkingaji.

Haukupita muda, jioni moja Pupa akatundika tena majiko yake, na Hadhari akamkatia.

“Mwanga wee! Mchawi wa giza!” alifoka Pupa.

Kutoka lango la chini, kiganja kikiwa bado kwenye bendeji, Tumwa alipaza sauti: “Bwana Pupa! Punguza majiko kwanza, ndipo umtukane mdogo wangu!”

Husuda haikumtoka yote, nasema kweli. Bado alitamani, walau siku moja, kutenda jambo bila kuambiwa. Na jioni ile, kumjibu Pupa, hakuna aliyemwambia.